Usimuanike Mteja, Muandikie Masharti



Mwezi wa Shaaban ukishaingia, sisi mafundi na wauza nguo wa mitandaoni hatuna usiku wala mchana. Maagizo ya Idi yanamiminika, simu hailali, na hapo ndipo malalamiko juu ya wateja yanapopamba moto. Fungua kundi lolote la WhatsApp la wanawake wafanyabiashara hapa Unguja uone: huyu kapelekewa nguo kaikataa mlangoni, yule kashonewa kisha kapotea, mwengine kavaa arusini halafu kairudisha. Na siku hizi pameingia mtindo wa kuchukua mazungumzo ya mteja, pamoja na namba yake na picha ya uso wake, na kuyasambaza kundi hadi kundi. Chini yake huandikwa: "Jihadharini na huyu."

Nashona na kuuza abaya, madera na mashungi kwa njia ya simu mwaka wa nane sasa. Wateja wasumbufu nawajua kwa rangi zao zote. Lakini mtindo huu wa kuanikana siukubali, na leo nataka niseme kwa nini, na niseme tufanye nini badala yake, maana kumwambia mtu "subiri tu, Mungu atakulipa" wakati mtaji wake umekatika si msaada.

Tuanze na nani hasa msumbufu

Mwanamke anayeuliza maswali ishirini kabla hajanunua si msumbufu. Hajashika kitambaa, hajaona mshono, na pesa aliyonayo pengine ameidunduliza mwezi mzima kwenye kibubu. Angekuwa Darajani au Mchangani angekikunja kitambaa mkononi, angekitazama kwenye mwanga, angepita duka la pili na la tatu, na hakuna ambaye angemuona ana makosa. Kwenye simu hana mikono, ana maswali tu. Mjibu.

Anayeomba apunguziwe si msumbufu pia. Kuomba bei ni desturi ya soko letu tangu bibi zetu. Ukipunguza sawa, na usipopunguza sema, "Bei yangu hiyo bibie, samahani," basi. Hapana haja ya kumsimanga.

Msumbufu wa kweli ni yule ambaye tabia yake inakutia hasara ya pesa, muda au heshima. Hao kwa uzoefu wangu ni wanne: anayeagiza kisha akapotea, anayevaa kisha akarudisha, anayelipa kwa hila, na mwanaume anayejifanya mnunuzi ili azungumze na wewe usiku. Kila mmoja ana dawa yake, na dawa zote hizo hufanya kazi kabla ya biashara kufungwa. Baada ya hapo kinachobaki ni ugomvi.

Ugomvi mwingi chanzo chake ni tangazo

Hili wenzangu hawapendi kulisikia lakini nitalisema. Nusu ya wateja wanaoitwa wasumbufu wameuziwa picha. Mtu anachukua picha ya abaya kutoka ukurasa wa Uturuki au Dubai, anaandika "njoo inboksi", bei haipo, vipimo havipo. Mteja analipa, analetewa nguo ambayo na ile ya pichani hata si binamu. Akilalamika anaambiwa msumbufu. Huyo ana haki yake.

Katika sheria ya biashara ya Kiislamu jambo hili lina jina, linaitwa khiyari, yaani hiari ya kurudisha. Aliyeuziwa kitu chenye aibu ambayo hakuambiwa ana haki ya kukirudisha na kupewa pesa yake, na muuzaji analazimika kuitaja aibu anayoijua kabla ya kuuza. Kama uzi umetoka kwenye pindo, au kuna stoni mbili zimebanduka, liseme kwenye tangazo na upunguze bei. Utashangaa wangapi watanunua vivyo hivyo.

Na tangazo lenyewe liwe na vitu hivi: bei, aina ya kitambaa, urefu kwa inchi, upana wa kifua, urefu wa mkono, kama lina mshipi au shungi lake, na nauli ya kupeleka. Picha piga asubuhi nje kwenye kivuli. Taa ya ndani hugeuza rangi, kijani kikawa cha bluu na maruni ikawa kahawia. Ongeza video ya sekunde kumi ukikizungusha kitambaa mkononi, ili aone kinavyoanguka.

Kuhusu saizi, hapa ndipo vita vinapozuka zaidi. Wengi hawajui kuwa 54, 56 au 58 kwenye abaya ni urefu kwa inchi, kutoka begani mpaka chini. Anadhani ni unene. Anaagiza 58 kwa sababu amenenepa, inamfika chini inaburura, anakasirika. Usimuulize "wewe saizi gani?" Mwambie achukue gauni lake moja linalomkaa vizuri, alitandike kitandani, apime kwa futikamba kutoka begani hadi pindo, kisha kwapa hadi kwapa, kisha mkono, akutumie namba tatu hizo kwa maandishi. Akikutumia kwa sauti, wewe mrudishie kwa maandishi: "Nimeandika 55, 22, 23, ni sawa?" Akijibu ndiyo, endelea. Dakika tano hizi zinakuondoshea ugomvi wa wiki mbili.

Anayeagiza kisha akapotea

Nguo ya dukani ikikataliwa utamuuzia mwengine. Nguo iliyoshonwa kwa vipimo vya mtu, kwa rangi aliyoichagua yeye, na jina lake limetariziwa kifuani, utampelekea nani? Kwa hiyo usitie mkasi kwenye kitambaa bila ya pesa ya kutanguliza.

Kiswahili chetu kina neno la zamani la pesa hiyo, arubuni, ingawa siku hizi tunasema advansi. Watu wetu wana haya ya kuidai, hasa kwa ndugu na majirani. "Wifi yangu nitamdai vipi advansi?" Unamdai kwa sababu kitambaa unakinunua wewe, na mwenye duka Mlandege hatakuuliza kama ni cha wifi yako. Kiwango changu ni kisichopungua gharama ya kitambaa na mapambo. Hapo mteja akipotea nimepoteza nguvu zangu tu, mtaji umebaki.

Ila hapa pana jambo la kuangaliwa. Wapo wauzaji wanaoandika "advansi hairudi" na wanaila yote mteja akighairi hata kabla kitambaa hakijanunuliwa. Maulamaa wamekhitilafiana juu ya arubuni. Wengi wao, na madhehebu yetu ya Shafi yamo, hawakubali muuzaji kuichukua bure biashara ikivunjika, na wenye madhehebu ya Hanbali wameruhusu. Mimi nilipouliza kwa ustadhi wangu nilichagua njia ya tahadhari. Akighairi kabla sijanunua kitambaa, namrudishia yote. Akighairi baada ya kukata, nakata hasara niliyoipata kweli, na kilichobaki namrudishia nikishaiuza ile nguo. Wewe muulize ustadhi wako, kisha jibu utakalolifuata liandike na mteja alione kabla hajatuma hata shilingi.

Anayevaa kisha akarudisha

Huyu utamjua kwa pua. Abaya inarudi Jumatatu na harufu ya udi, kwenye kola pana poda, kwapani pana chumvi ya jasho, naye anasema, "Haikunikaa, sikuivaa kabisa."

Tufanye hesabu. Abaya ya 45,000: kitambaa na mapambo 26,000, kinachobaki 19,000 ndiyo ujira wangu wa siku nzima kwenye cherehani. Ikirudi imevaliwa, nitaifua, nitaipiga pasi na kuiuza 35,000 kwa kusema kweli kuwa si mpya. Nauli ya bodaboda kwenda na kurudi 4,000 imeniangukia mimi. Toa 26,000, toa 4,000, nimebaki na 5,000. Siku ya pili ya kufua na kupiga pasi sijaihesabu. Wateja watatu wa namna hiyo mwezi mmoja, na ada ya skuli ya mtoto haitimii.

Dawa yake ni sharti la muda na alama. Nashonea kitambulisho cha karatasi ngumu pahala pa wazi, kifuani, kwa uzi mwembamba. Nguo inarudishwa ndani ya siku mbili, kitambulisho kikiwa hakijakatwa. Hakuna anayekwenda arusini na karatasi kifuani. Na mteja anapewa sharti hili kabla hajalipa, haliibuki siku ya ugomvi.

Lakini sharti lisitutoe utu. Kuna anayerudi kwa unyenyekevu: mume kasafiri na pesa, mtoto kalazwa, anaomba biashara ivunjwe na nguo hajaigusa. Dini yetu imemsifu anayekubali kuivunja biashara na aliyejuta, na jambo hilo fiqhi inaliita iqala. Sheria haikulazimishi, lakini ukiweza fanya. Mwenyewe nimeshaona mteja wa namna hiyo akirudi baada ya miezi mitatu na dada zake wanne.

Anayelipa kwa hila

Hapa sina upole wowote, kwani huyu ni mwizi.

Hila ya kwanza ni ujumbe wa malipo wa kutengeneza. Unaingia ujumbe umeandikwa sawasawa na wa mtandao wa simu, kiasi na jina lako vimo, na bodaboda yuko mlangoni anapiga honi. Ukitazama juu, ujumbe umetoka kwenye namba ya kawaida ya mtu. Usihangaike hata kuuchunguza ujumbe. Fungua akaunti yako mwenyewe uangalie salio. Pesa haipo, mzigo hautoki, hata kama anasema meli ya Pemba inaondoka sasa hivi. Haraka ndiyo silaha yake.

Hila ya pili ni anayekutumia skrinishoti peke yake, akasema mtandao unasumbua. Jibu ni lile lile: "Ikiingia tu nitakutumia, inshaallah."

Ya tatu ni ya kulipa kweli, akapokea mzigo, kisha akapiga huduma kwa wateja kudai alikosea namba na arudishiwe. Kwa hiyo, kabla hujatoa mzigo muombe aandike kwenye mazungumzo: "Nimelipa 45,000 kwa abaya nyeusi ya 56." Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, inazungumzia kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Sisi tuna kalamu mfukoni mchana kutwa na bado tunafanya biashara kwa "niamini tu".

Na mzigo ukitoka, upige picha: nguo, mfuko uliofungwa, jina la chombo au namba ya pikipiki, na saa. Anayepeleka Mkoani au Wete, au anayempa utingo wa gari ya shamba, ajue kuwa mzigo ukipotea njiani kila mtu atamnyooshea mwenziwe kidole. Semeni mapema ni nani anaubeba msiba huo.

Mnunuzi wa saa tano usiku

Hili hatulisemi hadharani kwa sababu tunaogopa waume zetu na baba zetu watatwambia tuache biashara. Lakini lipo. Namba ngeni, picha hana, anaulizia dera la mke wake. Swali la pili, "Umeolewa?" La tatu, "Hebu livae wewe nilione linavyokaa."

Dada yangu, huyo humdai maelezo wala humpi maelezo. Jibu moja fupi: "Picha zilizopo ndizo hizo," na akirudia mfungie namba. Usiogope kukosa pesa ya dera moja. Hifadhi maneno yake pahala salama kabla hujamfungia, huenda ukayahitaji.

La kuzuia ni hili: namba ya biashara iwe mbali na namba ya nyumbani, na picha yako isiwepo pale. Nguo zipige kwenye sanamu au hanga. Andika saa zako za kazi, na ikifika saa tatu usiku simu ya biashara inalala. Mteja asifike kwako nyumbani. Mkutane duka la ndugu yako, au mzigo ubebwe na bodaboda unayemjua. Na mweleze mumeo au kaka yako utaratibu wako tangu mwanzo, ili siku ukisumbuliwa ukasimama naye na si mbele yake.

Kwa nini nakataa kuanikana

Sasa nirudi kwenye zile picha zinazosambazwa. Naelewa hasira zake. Mtu kala 40,000 yako na anaonekana kwenye picha za arusi na abaya yako. Wenzangu husema, "Nawaonya wengine wasiibiwe." Hoja hiyo ina uzito na siidharau.

Lakini tazameni kisiwa chetu kilivyo. Huku hakuna mtu asiyejulikana. Picha ikitoka Michenzani asubuhi, Alasiri imefika Makunduchi, na magharibi mama mkwe ameiona. Mwaka juzi ilizunguka picha ya mwanamke wa shamba kwa deni la 38,000. Alikuwa wodini, kajifungua kwa upasuaji, simu imezima siku sita. Deni alilipa wiki ile ile alipotoka. Je, picha ilikwenda kulipwa na nani? Mpaka leo kuna wanaomuita kwa jina baya. Muuzaji alifuta aliyoyaandika, lakini huwezi kufuta kilichokwisha ingia kwenye simu za watu mia tatu.

Ikiwa kosa lake ni 38,000, adhabu ya kuvunjiwa stara yeye, watoto wake na ndoa yake ni kubwa kupita kosa. Na sisi wenyewe tunapenda Mungu atusitiri. Tena mbele ya sheria unaweza kugeuka wewe ndiye mshtakiwa, kwani Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, inayotumika mpaka huku Zanzibar, inamgusa anayemnyanyasa mwenziwe kwa njia ya mtandao. Utakuwa umepoteza nguo na umejitafutia kesi.

Na kibiashara, mnunuzi mwema anayeiona ile picha hajiambii "muuzaji huyu makini." Anajiambia, "Siku tukikhitilafiana ataniweka na mimi." Anapita kimya, anakwenda kwa mwengine, na wewe hutajua kamwe kuwa alikuwepo.

Basi tufanye nini na deni? Kumbusha mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili kwa tarehe: "Bibie, naomba Ijumaa tumalizane." Mara ya tatu mwambie kuwa utalipeleka kwa sheha wa shehia yake, na ulipeleke kweli, ukiwa na yale maandishi na zile picha za mzigo. Madeni madogo mengi humalizikia pale barazani, bila ya kelele. Mtapeli wa ujumbe wa uongo peleka namba yake polisi na kwa mtandao wa simu. Na kama unataka kuwaonya wenzio, waonye juu ya hila: elezea inavyofanywa, hatua kwa hatua, bila ya uso wala jina. Onyo hilo linamfaa kila mtu, maana tapeli hubadilisha laini kila wiki lakini hila yake ni ile ile.

Maneno ya kuandika

Andika masharti yako mara moja, yahifadhi kwenye simu, na kila mteja mpya umtumie kabla ya namba ya malipo. Yawe mafupi, kwa Kiswahili cha kawaida. Yangu ni haya, na mwenye kutaka ayachukue:

"Ahsante kwa kunichagua. Nguo ya tayari inalipwa yote kabla haijatoka. Ya kushona inatangulizwa nusu, na si chini ya bei ya kitambaa, na vipimo tunaandikiana. Nguo ikija na kasoro au si kama nilivyokueleza, nirudishie, nauli juu yangu. Ukibadilisha mawazo, nirudishie ndani ya siku mbili kitambulisho kikiwepo, nauli juu yako. Maagizo ya Idi mwisho mwezi 10 Ramadhani. Ukikubali niandikie NIMEKUBALI."

Wachache watanuna na kuondoka. Waache waende kwa salama. Ukiwatazama vizuri, wengi wa hao ndio wangekutia kwenye ugomvi. Wanaobaki wanajua wanachokinunua, na wewe unajua unachokiuza.

Mola atujaalie rizki ya halali yenye baraka, atulinde na dhulma, ya kudhulumiwa na ya kudhulumu.